Ringi Mpya

Shebwana, fundi wa Barani,
kaleta ringi za inchi kumi na nane,
zinang'aa kama meno ya kununua.
Dodji ya marehemu baba iko juu ya jeki,
zambarau yake imeliwa na chumvi.

"Upana umezidi," asema.
"Ukikata kona, madigadi yatakula tairi.
Nipitishe grainda?"

Napapasa ukingo wa bati.
Hapa ndipo aliposugua nguzo
usiku wa kuzaliwa kwangu,
akiwahi hospitali.

"Bati usikate.
Kona nitaikata polepole."

Shebwana acheka, apangusa spana:
"Viatu vya kijana, mwendo wa mzee."

Zile kuukuu za inchi kumi na nne
mama keshazihamishia uani.
Moja imebeba mtungi.
Moja ameiosha,
akaiingiza chumbani.