Ukingo wa Majivu

Asubuhi mlima ulikohoa mara mbili ng'ambo ya ghuba.
Mama hakugeuka hata kutazama dirishani.
Aliingiza nguo ndani, mashuka kwanza, soksi mwisho,
akafungua kidaftari chake chenye madoa ya mafuta
akaandika: Upepo wa mashariki. Mengi. Yanakwaruza.
Kisha akashika ufagio na ule mfuko wa njano
ambao manispaa ya Kagoshima hutugawia bure
kama wengine wanavyogawiwa vyandarua.

Mimi nina majivu mengine, ya mbali, yasiyochafua kola.
Yako Utaridi, sayari iliyojibanza karibu na Jua,
yamezunguka shimo lisilo na umbo,
kama tunda lililong'atwa likaachwa.
Chombo kilipita juu yake, kikapiga picha,
kikaishiwa mafuta, kikaanguka.
Picha zikabaki. Nami nimebaki na picha.

Kule hakuna hewa.
Gesi iliyofungiwa mwambani ilipopata upenyo
haikubisha hodi:
iliurarua mwamba ukawa chembe, chembe zikaruka
bila upepo wa kuzipeperusha, bila mvua ya kuzitia adabu,
kila moja ikachora upinde wake, ikatua.
Zimelala hapo miaka bilioni tatu. Au pungufu. Tunabishana.
Hazijafagiwa.

Kazi yangu ukiitamka ni ndogo: kuchora mstari.
Huku majivu, huku si majivu.
Katikati rangi imekolea, nyekundu kwa macho ya chombo,
halafu inafifia, inafifia,
kama chumvi kwenye mchuzi uliozidishwa maji,
mpaka huwezi kuapa kama ipo
au ni ulimi tu unakumbuka.
Mstari ukisogea nje upana wa kidole,
mlipuko unakua, gesi inaongezeka,
na yote tuliyosema kuhusu tumbo la sayari
tunayasema upya.
Profesa Hidaka alinirudishia makala
kwa wino wa kijani: Ukingo huu umeutoa wapi?

Nilikuwa nimeutoa jichoni. Nikaona haya kuandika hivyo.

Juzi usiku nilimwonyesha Mama ile picha.
Alifuta miwani kwa pindo la aproni, akainama.
"Huku anafagia nani?"
"Hakuna mtu, Mama."
"Sasa ukingo unautafutia nini?
Majivu huishia pale mtu anapochoka kufagia.
Kwa Bi Nagayoshi yanaishia kizingitini.
Kwetu yanaishia langoni.
Kwa baba yako," (makaburi ya hapa huezekwa paa)
"yanaishia kigae cha tatu.
Mkono wangu haufiki zaidi."

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka,
nikaomba kile kidaftari.

Miaka ishirini na sita ya kufua na kuanika.
Leo yamefika duka la tofu.
Leo yamefika kituo cha tramu, nimeuliza dereva.
Leo kidogo, labda ni vumbi la barabara.
Leo Chizuru ana homa. Sijui yamefika wapi. Sikutoka.

Hakuna mahali alipobuni.
Pale asipojua ameacha nafasi nyeupe,
na nafasi ile ameiwekea tarehe.

Nimefuta mstari wangu mmoja, uliokuwa mzuri, mwembamba,
nikachora mitatu:
huu ninauapia,
huu ninaudhania,
na ule wa nje kabisa, wa nukta nukta,
ni wa siku ambazo sikutoka.

Profesa bado hajajibu.
Kibodi inakwaruza nikiandika; kuna kitu chini ya herufi A.
Nje Mama anafunga mdomo wa mfuko wa nne,
anaupiga kofi mara mbili ukae vizuri.