Daftari la Mkunja Miavuli

Meza yangu ina urefu wa mita kumi na mbili.
Juu yake nimemlaza Aurelio Pinzón
miaka ishirini na sita, nailoni na kamba,
pindo juu ya pindo, bila kumgusa.

Alikuja luteni, shingo kama ya jogoo anayeota manyoya,
mtoto wa wakulima wa viazi wa Boyacá.
Akaisoma kadi iliyo mfukoni mwa mwavuli:
*umekunjwa na N. Cubides.*
Akauliza, "Huyu Cubides hulala vizuri?"
Nikamjibu toka upande wa pili wa meza, "Jana, ndiyo."
Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwaka mzima.

Wengine huvijua vita kwa ramani.
Mimi nilivijua kwa kile kilichorudi:
tope jekundu la Guaviare,
ruba aliyekaukia kwenye mshono,
mara moja unga wa mahindi. Sikuuliza.
Alipokuwa kapteni walitoka watu kumi na wawili,
wakarudi tisa.
Miavuli ilirudi yote.
Aliileta mwenyewe, mitatu akaitenga kando.
"Hii usiikunje leo."
Nikaifua kwa sabuni ya mche, mara mbili.
Damu hutaka maji baridi.

Akapata umeja, na mvi, na mke;
mke akaondoka. Simu ya usiku wa manane haina adabu.
Akawa kanali, akawa anasaini miruko ya wengine.
Cheo kilipanda, yeye akaacha kuanguka.
Alivuka uwanja kwa viatu vinavyong'aa
kama mtu aliyeazimwa miguu.

Kisha wakaja watu wa tume kutoka Bogotá,
wanne, na mashine yao ya kunakili.
Kulikuwa na usiku mmoja wa Machi,
na kijiji ng'ambo ya mto, La Palizada,
mikokoteni ya ndizi, watu saba.
Kwenye karatasi za makao makuu
usiku ule hakuna aliyeruka.
Kanali alikuwa ameapa hivyo.

Lakini nailoni haijui kuapa.
Daftari langu lilisema: imetoka kumi na minne,
saa tatu na nusu usiku;
imerudi alfajiri, ina umande.

Akaja mkesha wa siku ile, akasimama mlangoni mwa ghala.
Hakuomba.
Akalitazama daftari,
akalitazama jiko ninalochemshia kahawa,
akanitazama mimi.
Nikasema, "Kamba hukatikia pembamba, kanali.
Mimi si pembamba."
Akatoka, mlango akauacha wazi.

Asubuhi nikalikabidhi.
Husemwa mpanda ngazi hushuka. Yeye aliachwa katikati;
ubrigedia ukampita kama lori lisilosimama.
Wale saba wa La Palizada wakapata majina gazetini,
ukurasa wa tisa.
Hawakupata zaidi.

Jana ilikuwa siku yake ya mwisho ya sare.
Vijana walimwekea mwavuli mpya, wa mraba,
kutoka ghala la pili. Akaukataa.
Akaja kwangu na magoti yake mabovu:
"Cubides, niandalie uliokunja wewe."
Ghala zima likanyamaza.

Nilikunja kwa dakika arobaini.
Kila kamba niliipitisha katikati ya vidole.
Mkono ulisita? Ulisita,
penye pindo la tano. Niliiona mikokoteni.
Nikaendelea kukunja.

Akaruka saa mbili asubuhi.
Moja, mbili, tatu,
hesabu niliyowahesabia maelfu ya watu na sijaizoea,
nne,
kisha ule mlio, kama shuka linapokung'utwa.

Alirudi akichechemea, ameubeba begani,
majani yamemganda mgongoni. Akauweka mezani.
"Kuna uzi umelegea, ukingo wa kushoto."
Nikatazama. Ni kweli.
Nikaandika.