Sauti ya Mbuzi

Panya ndiye aliyeanza.
Alitafuna waya wa hedifoni zangu za zamani
usiku wa kuamkia Ijumaa, akaniachia sikio la kulia tu,
na mimi siwezi kuchanganya muziki kwa sikio moja
kama mtu anayedoea ugomvi wa jirani ukutani.

Nikapanda baiskeli, Barabara ya Kumi na Nne hadi mjini,
laki mbili na ishirini ndani ya soksi,
na kwenye simu dakika tatu nilizorekodi jikoni:
mama yangu anakuna nazi.
Sina muziki ninaoujua kuliko huo.

Shabbir akanipangia tatu juu ya kioo,
zote zisizo na waya. "Panya hana cha kula hapa."
Akataka kunipigia wimbo wake wa majaribio,
ule unaotetemesha milango ya kabati.
Nikamwambia hapana, niwekee mbuzi.
Akainamia simu yangu, akasubiri.
"Mbuzi mwenyewe mbona halii?"

Za kwanza nyeusi, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi.
Nilipozivaa, mama akawa wanawake ishirini
kwenye jiko la shughuli, na chini yao ngoma
ambayo sikuirekodi wala haikupigwa na mtu.
Besi ya kusifia. Inakuambia umependeza
kabla hujavaa.
Nazijua sifa hizo: kazi inanona masikioni mwako,
ukiipeleka kwenye spika ya kinyozi
inabaki mifupa.

Za pili nyepesi, bei nafuu. Mama akahamia Pangani,
akawa anakuna ng'ambo ya mto.

Za tatu hazikuwa na sura. Rangi ya majivu,
sponji ngumu kidogo, Shabbir mwenyewe hakuzipamba:
"Wengi huzirudisha. Wanasema hazina raha."
Msema kweli ni mpenzi wa Mungu,
ila dukani hana wateja.
Nikavaa.

Meno ya mbuzi. Kifuu kikigeuzwa mkononi.
Chenga zikidondoka kwenye sinia la bati,
mguu mfupi wa mbuzi ukigonga sakafu.
Halafu, baada ya kila mikwaruzo sita,
kimya, na pumzi ndefu ikitolewa kwa siri,
kama mchukuzi anayetua mzigo
asitake mwenye mali aone.
Miezi minne ninayo rekodi hii.
Pumzi ile sikuwahi kuisikia.

Nikalipa. Akanipunguzia elfu kumi.

Jioni Mwantumu akaja kuingiza sauti.
Akazivaa, akaimba mstari mmoja, akasimama.
"Kuna mwanamke nyuma yangu ananiigiza."
Ndiyo kasoro yake: sauti inatoka kinywani,
inapita kwenye kompyuta, inazunguka hewani,
inabisha hodi sikioni wageni wameshatawanyika.
Tanga tunasema waja leo waondoka leo;
hii yaja leo, yafika kesho.

Kwa hiyo nimeuunga kwa risasi ule waya wa panya,
nikauzungushia utepe mweusi. Hizo za mwimbaji.
Anayetaka kujisikia papo hapo
lazima akubali kufungwa.
Zisizo na waya ni zangu, za saa sita usiku,
nitembee na kazi iliyokwisha, uani, bafuni,
chini ya trei za mayai nilizogongomea darini,
nikitafuta wapi nimedanganya.

Jumapili zilikuwa shingoni, chaji imekwisha,
mama alipoivuta mbuzi akaikalia.
Nikahesabu hadi sita.
Nikamwambia, leo nakuna mimi.
Akaniangalia, akaziangalia zile za majivu,
akaviangalia vidole vyangu vilivyozoea vitufe.
"Utaniharibia nazi."
Hakunyanyuka.
Ila pumzi ile, safari hii, hakuificha.