Haiendi kwa Kilo

Mkuti, Masasi, nyuma ya mashine ya kukoboa,
Bi Somoe anauza chuma chakavu.
Springi za Landrova, majembe yaliyochoka, sufuria zilizotoboka,
vyote bei moja kwenye mizani ile ile.

Nikachutama. Fundi hachagui akiwa wima.
Chini ya minyororo ya baiskeli nikakuta juba
lisilo na mpini, kichwa kimepondwa kama uyoga:
aliyelipiga kwa nyundo ya chuma hakufunzwa na mtu.
Nikaligonga kwenye jiwe.
Chuma kibovu hujibu "pa", kikanyamaza.
Hili liliniimbia mpaka kwenye kiwiko.

Halafu, chini ya kipande cha bati, randa.
Ya mbao, imekauka, imekunywa vumbi jekundu.
Nikatemea mate ulimi wake, nikasugua:
kutu ya juu tu, haijafika kwenye nyama.
Na ubavuni ule mstari ninaoutafuta siku zote,
chuma laini mgongoni,
chuma kigumu kimeungwa mdomoni.
Nembo nikaisoma kwa ukucha: nanga,
na nusu ya jina ambalo nusu yake imeliwa.
Kwenye mbao, kwa msumari wa moto: S.L.

Wapo watakaosema ilitoka kwa wamisheni wa Ndanda.
Wapo watakaosema Nachingwea, zama za karanga,
reli iling'olewa, yenyewe ikasahauliwa.
Mimi sijui.
Najua kibonde kidogo upande wa kushoto,
palipokaa kidole gumba cha mtu
mpaka mbao ikakubali.

Nikakunja uso. Nikaokota na bawaba mbili za uongo.
"Nipimie, Bi Somoe. Nakarabati banda la kuku."

Akapima juba. Akapima bawaba.
Randa akaiweka kwenye khanga, mapajani.
"Hii haiendi kwa kilo.
Wewe umeikagua nusu saa,
mimi nusu saa nakukagua wewe.
Kuku gani huyo wa kutemewa mate?"

Elfu thelathini. Sikuwa na uso wa kuomba apunguze.
Akaifuta kwa pindo la khanga, taratibu, mara mbili,
na gumba lake la kushoto
likaingia kwenye kile kibonde bila kupapasa.

Sikuuliza.
Nilikwisha vuka mtaro aliponiita:
"Wewe! Usiipe mbao za mwembe.
Hiyo ilizoea mninga."