Steringi Hajatokea

Mkanda ulianza na bomba.
Si bunduki, si gari linalokimbizwa,
wala jina la mtu kwa maandishi ya dhahabu.
Bomba la shaba, sinki jeupe.
Tone likajivuta, likanenepa, likaanguka.
Tone jingine.

Newala, mwaka ule wa ukame,
ndoo ya maji ilikuwa bei moja na kiingilio,
na walioingia bandani kwa Nang'andu
walikuwa wamekwisha kuchagua.
Nje jenereta linakohoa.
Ndani tumekalia magunia matupu ya korosho,
na mimi, mtoto wa kushika deki,
niko karibu na kioo kuliko wote.

"Steringi yuko wapi?"
Tone.
"Peleka mbele!"
Tone.
Nang'andu, ambaye kazi yake ilikuwa kusema,
aliyewatia Wachina maneno ya Kimakonde vinywani,
aliyempa kila adui jina la karani wa ghala,
safari hii kashika kipaza sauti na hana la kufasiri.
Maji hayana lugha ya kigeni.

Kisha kitu kikabadilika.
Sikukiona; nilikisikia kwenye magunia,
namna watu walivyoacha kujigeuzageuza.
"Lifungeni," akasema mwanamke mmoja.
Hakuwa akitania.
"Jamani, si mlifunge hilo bomba!"
Watu wakacheka, halafu kicheko kikakatika njiani,
maana kila mmoja alikuwa ameanza kuhesabu,
na aliyehesabu matone
alikuwa anahesabu shilingi.

Kamera ikarudi kinyumenyume
kama mdaiwa anayekwepa duka:
kikombe kimoja,
kiti kimoja,
taa inayowaka mchana.
Hapo Somoe Chikumba,
aliyekuwa akipanda mlima kutoka Kitangari
na dumu kichwani kabla jogoo hajakohoa,
akasema bila kuinua sauti:
"Mwenye nyumba amekufa."

Umejuaje, wewe?

"Nani aliye hai anaacha maji yamwagike?"

Kamera ikapinda kona.
Miguu. Soksi moja.
Banda zima lilimgeukia Somoe,
likakisahau kioo.

Baadaye sana, chuoni,
nikaonyeshwa filamu ileile, safi, haina mikwaruzo.
Mhadhiri akaandika ubaoni:
*bomba = upweke.*
Nikanakili upweke, nikapata maksi zangu.
Lakini ukumbi ule ulikuwa na chupa za maji kila meza,
na wenzangu walipiga miayo
mpaka miguu ilipotokea.
Nikawaza: hawa wameonyeshwa nusu.
Nusu ya pili ilikuwa kooni mwetu,
tuliingia nayo bandani wenyewe,
na mtengenezaji, popote alipo,
hajui kama aliwahi kuipata.

Siku hizi nahariri harusi, Masasi.
Wateja wanataka nianze na maua,
majina mawili yakizunguka ndani ya kopa,
muziki juu.
Mwezi uliopita nilikaidi.
Nilianza na ndoo kumi na mbili
zimepangwa uani kwa bibi harusi, alfajiri,
kumi na moja zimejaa.
Sekunde tisa. Kimya. Kuku mmoja anapita.

Baba mtu akapiga simu:
"Kijana, bibi harusi yuko wapi?
Nimelipia harusi au nimelipia ndoo?"
Nikamwomba asubiri, anakuja.
Akaguna. Nyuma yake, ndani ya simu,
nikasikia sauti ya mkewe, karibu na runinga:
"Mwache. Rudisha mwanzo.
Ile tupu ni ya dada Mwanaidi.
Yeye ndiye angeijaza."

Mimi sikujua.
Nilipenda tu
jinsi mwanga ulivyoingia ndani yake.