Hundi za Oktoba

Kila Oktoba, mahindi yakikauka mpaka yakalia kama karatasi,
wanaingia mmoja mmoja chumba namba tatu,
kofia mkononi, matope kwenye zulia la serikali.
Mimi ni Ardith, binti wa Vopalka fundi wa matrekta,
mwaka wa ishirini na sita nyuma ya kaunta hii.
Najua ekari zao
kuliko wanavyojua siku walizozaliwa wake zao.

Huku Nebraska hatuulizani kipato.
Twaulizana mvua.

Delmar Sorum: ekari mia na arobaini.
Kipande cha magharibi kililazwa na mvua ya mawe,
dakika saba za Julai. Saba.
Fomu ina mstari mmoja wa kueleza hasara.
Aliandika, "Mawe," akarudisha kalamu.
Kompyuta ikafikiri, ikampa dola elfu moja mia tatu kumi na mbili.
Aliikunja hundi mara nne kama kijana aficha barua,
akaniuliza kama mama bado anakohoa.

Ruzuku na riziki ni watoto wa tumbo moja,
ila huyu hushuka na mvua,
yule hushuka na kurasa kumi na moja,
saini kwa wino mweusi, usivuke mstari.

Bahasha nene kuliko zote ni ya Tremaine na Wanawe,
ambao hawana mwana hata mmoja katika kaunti hii.
Ekari elfu tisa.
Anwani: ghorofa ya kumi na nne, mjini Phoenix,
ambako jua ni la kuogelea.
Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga.
Hawakusema lazima awe mtu yuleyule.
Hiyo naipeleka posta mwenyewe. Stempu mbili.

Na wapo wanaolipwa wasilime.
Mjane Leota Brandvold amekiacha kilima chake
kwa nyasi na kware, mkataba wa miaka kumi.
"Nalipwa kwa kukaa," hucheka mpaka meno yacheze,
"marehemu angejua angefufuka kwa aibu."
Lakini mimi nimepita pale alfajiri.
Vumbi lililokuwa likihama kila machipuko,
likiingia hadi kwenye sukari zetu,
limetulia.
Sijui ni safu gani ya fomu ningeandika jambo hilo.

Kaka yangu Wendell huja wa mwisho,
saa kumi na moja kasorobo,
gari ameliegesha nyuma ya kanisa la Kilutheri.
Asubuhi, mgahawani, mbele ya mayai na watu wanane,
alisema serikali itoe mkono wake mfukoni mwa watu.
Alisema kwa sauti. Nilikuwa meza ya pili.
Namsukumia bahasha.
Hanitazami, nami sitazami kiasi,
ingawa ni mimi niliyekichapa.
"Theluji itawahi mwaka huu," anasema.
"Itawahi," nasema.

Jioni nafagia.
Matope yamekauka, yanavunjika kwa urahisi:
mekundu kidogo ya Sorum,
meusi ya bondeni kwa Leota,
na yale ya kaka, yenye punje ya ngano ndani,
shamba la baba, ningelijua hata gizani.
Nayazoa, nayamwaga kwenye chungu cha ua dirishani.
Ua linastawi, sitaki kusema uongo.
Miaka ishirini na sita,
na udongo wa Tremaine
sijawahi kuuzoa.