Peupe

Eldbjørg anahesabu singa.
Kumi na moja kushoto, kulia kumi;
moja imekatika kwenye chekecheke
au haikuwepo tangu mwanzo. Mwongozo hausemi.

Nje ni Vardø, saa sita mchana,
na taa za barabarani zinawaka.
Mikono iliyopasua chewa kiwandani miaka ishirini
sasa imeshika kibano chembamba
inamgeuza mnyoo ubavu, taratibu,
kama mtoto asije akaamka.

Mnyoo mwenyewe hana habari.
Yumo ndani ya spiriti tangu Machi,
kipande cha mbele tu, magamba yamepukutika.
Bado anametameta: kijani, kisha shaba,
kisha hakuna.

“Huyu si yule.”
Na Torgeir, aliyemwandika yule
mara arobaini na mbili,
toka hori la kusini hadi ukingo wa barafu,
anavua miwani, anaifuta, anaivaa,
anachungulia.
Kahawa inapoa.
“Hee,” anasema. Basi.

Kufikia jioni nukta arobaini na mbili
zimegeuka alama za kuuliza.
Na kule mashariki, peupe palepale pa siku zote.
Mwanafunzi mgeni anapaweka kidole:
huku hawaishi?

Hakuna aliyeshusha ndoo, anasema Eldbjørg,
hainui kichwa, anaandika kibandiko
kwa penseli, maana wino huikimbia spiriti:
kina, tarehe, tope laini lenye changarawe,
singa kumi na moja, kumi,
jina

na hapo penseli inangoja.